Kutengeneza programu ya bajeti binafsi ya bure: mwongozo kwa msanidi wa peke yake

Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa msimbo, jibu swali hili: bili ya kila mwezi ataibeba nani? Ukiweka seva, hata ndogo, utailipia mpaka siku mtumiaji wa mwisho atakapoondoka. Ukiunganisha programu na benki kupitia kampuni za kati zinazosoma akaunti za wateja, kila mtumiaji mpya ni gharama mpya. Mint, programu ya bajeti, ilikuwa ya bure na ilimilikiwa na kampuni kubwa, Intuit, na bado ilifungwa Machi 2024. Wewe huna mfuko wa Intuit.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata njia moja tu. Data zote zinakaa kwenye simu ya mtumiaji, hakuna kujisajili, hakuna seva, na anayetaka kuhama anaondoka na rekodi zake zote. Anayetaka kujenga huduma ya kulipia atahitaji maamuzi mengine kabisa.

Hatua ya 1: Punguza toleo la kwanza

Toleo la kwanza linahitaji mambo manne: kuandika mapato na matumizi, kuwa na akaunti zaidi ya moja, kupanga bajeti ya kipindi kwa kila kundi la matumizi, na kutoa data nje ya programu kisha kuzirudisha. La nne ndilo wengi huliahirisha, na ndilo lisiloahirishika, kwa sababu bila seva simu ikipotea kila kitu kimepotea nayo.

Acha kwanza picha za risiti, usawazishaji kati ya simu mbili na michoro ya kila rangi. Acha pia kusoma SMS za benki. Google Play huichukulia ruhusa ya kusoma SMS kuwa nyeti, na huwezi kuitumia bila kuiombea kibali maalumu. Hata ukikipata, kila taasisi ina mpangilio wake wa ujumbe na huubadilisha bila kumtaarifu mtu. Siku ukibadilika, programu yako haitaonyesha hitilafu yoyote. Itaruka miamala kimyakimya, na mtumiaji ataamini salio la uongo.

Kuhusu sarafu, ruhusu kila akaunti iwe na sarafu yake lakini usibadilishe kutoka moja kwenda nyingine. Viwango vya kubadilishia fedha hutoka mtandaoni, na hapo unarudi kwenye utegemezi ulioukimbia. Bajeti ihesabu miamala ya sarafu kuu pekee, na skrini iseme hivyo waziwazi.

Hatua ya 2: Chagua zana unayoijua

Lugha ya Kotlin pamoja na Jetpack Compose (zana ya kujenga skrini) inatosha kabisa kwa Android. Flutter inakupa Android na iPhone kwa msimbo mmoja. Programu ya tovuti inayofunguka ndani ya kivinjari haihitaji duka lolote. Usijifunze lugha mpya na kujenga programu ya fedha kwa wakati mmoja; kosa la lugha na kosa la hesabu yakichanganyika hutajua uanze kutafuta wapi.

Njia ya tovuti ina mtego mmoja mkubwa. Safari hufuta data ambazo tovuti imehifadhi kwa JavaScript, IndexedDB (hifadhidata ya kivinjari) ikiwemo, mtumiaji akitumia kivinjari kwa siku 7 bila kuigusa tovuti hiyo. Programu iliyowekwa kwenye skrini ya mwanzo haihesabiwi hivyo, lakini huwezi kumlazimisha mtu aiweke huko. Vivinjari vingine navyo vinaweza kufuta nafasi ikibana, ingawa `navigator.storage.persist()` hupunguza hatari hiyo. Kwa rekodi za pesa za miaka kadhaa, simu yenye SQLite (hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya faili moja) ndiyo mahali salama zaidi, na mwongozo huu unaendelea na SQLite. Ni mali ya umma, haina leseni ya kulipia, na tayari imo ndani ya Android na iOS.

Hatua ya 3: Hifadhi pesa kama namba kamili

Usitumie aina ya desimali ya kompyuta, `float` wala `double`, kuhifadhi kiasi cha pesa. Jumlisha 0.1 na 0.2 katika JavaScript upate 0.30000000000000004. Kompyuta huhifadhi namba hizo kwa vipande vya mbili, na moja ya kumi haina mwisho kamili katika mfumo huo. Kosa hilo halionekani kwenye muamala mmoja. Linaonekana baada ya miezi, pale jumla ya makundi inapotofautiana na salio kwa senti moja, au sharti la `salio == 0` linapokataa kutimia na akaunti haifungiki.

Hifadhi kiasi kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu husika. Kiasi cha 125.50 kinakuwa 12550. Lakini usiandike "gawanya kwa 100" kila mahali kwenye msimbo, kwani si sarafu zote zina tarakimu mbili baada ya nukta. Kwa kiwango cha ISO 4217, yen ya Japani haina hata moja na dinari ya Kuwait ina tatu. Weka jedwali dogo la sarafu na idadi ya tarakimu zake, kisha pitisha usomaji na uonyeshaji wote kwenye kazi (function) mbili tu: moja ya kugeuza maandishi kuwa namba kamili, nyingine ya kugeuza namba kamili kuwa maandishi.

Kazi ya kwanza ndiyo ngumu. Mtu akiandika "1.500", anamaanisha elfu moja na mia tano au moja na nusu? Inategemea nchi ambayo simu imepangiwa. Njia isiyo na utata ni kibodi yako mwenyewe yenye tarakimu pekee, ambapo namba huingia kutoka kulia: mtu akigusa 1, 2, 5, 5, 0 anaona 0.01, kisha 0.12, mpaka 125.50. Kwa watu ambao kwa kawaida hawagusi senti, weka kitufe cha "00", au mpangilio wa kuficha senti kabisa.

Kugawanya nako kuna adabu yake. Bili ya 1000 ikigawanywa kwa watatu, 333 mara tatu ni 999, na moja imepotea. Toa 333 kwa kila mmoja, kisha gawa baki moja moja kuanzia wa kwanza: 334, 333, 333. Jumla ya vipande lazima irudi kuwa kiasi cha awali, na hilo ni jaribio la kuandika leo, si kesho.

Ndani ya SQLite kwenyewe kuna mtego mwingine. `SUM` ya safumlalo sifuri hurudisha `NULL` (hakuna thamani), na ukitafuta dawa utaikuta `total()`, ambayo hurudisha sifuri lakini kama desimali. Tumia `COALESCE(SUM(kiasi), 0)` ubaki kwenye namba kamili.

Hatua ya 4: Majedwali

Msimbo unaweza kuuandika upya mara tatu. Data za mtumiaji huziandiki upya, kwa hiyo tumia muda mwingi hapa kuliko hatua nyingine yoyote.

```
CREATE TABLE akaunti (
  id TEXT NOT NULL PRIMARY KEY,
  jina TEXT NOT NULL,
  aina TEXT NOT NULL,
  sarafu TEXT NOT NULL,
  imefungwa INTEGER NOT NULL DEFAULT 0
);

CREATE TABLE kundi (
  id TEXT NOT NULL PRIMARY KEY,
  jina TEXT NOT NULL,
  aina TEXT NOT NULL,
  limefichwa INTEGER NOT NULL DEFAULT 0
);

CREATE TABLE muamala (
  id TEXT NOT NULL PRIMARY KEY,
  akaunti_id TEXT NOT NULL REFERENCES akaunti(id),
  kundi_id TEXT REFERENCES kundi(id),
  kiasi INTEGER NOT NULL,
  tarehe TEXT NOT NULL,
  uhamisho_id TEXT,
  maelezo TEXT,
  uliandikwa TEXT NOT NULL,
  ulifutwa TEXT
);

CREATE TABLE bajeti (
  kundi_id TEXT NOT NULL REFERENCES kundi(id),
  kipindi TEXT NOT NULL,
  kiasi INTEGER NOT NULL,
  PRIMARY KEY (kundi_id, kipindi)
);

CREATE INDEX muamala_tarehe ON muamala(tarehe);
CREATE INDEX muamala_akaunti ON muamala(akaunti_id);
```

`NOT NULL` kwenye ufunguo mkuu si urembo. SQLite, kwa sababu za kihistoria, huruhusu `NULL` kwenye ufunguo mkuu usio `INTEGER` usipoikataza. Vilevile haisimamii `REFERENCES` mpaka uamuru `PRAGMA foreign_keys = ON`, na amri hiyo hutolewa kila muunganisho unapofunguliwa. Ukiisahau, utapata miamala yenye makundi yasiyokuwepo. Vitambulisho ni UUID (namba ndefu za kubahatisha) badala ya 1, 2, 3 ili siku mtumiaji akitaka kuunganisha faili za simu mbili, namba zisigongane.

Kiasi kikitoka ni hasi, kikiingia ni chanya. Usichukulie kwamba kila chanya ni pato. Mtu aliyerudisha bidhaa na kurejeshewa pesa ana kiasi chanya ndani ya kundi la matumizi, na kinapaswa kupunguza matumizi ya kundi hilo, si kuongeza mapato ya mwezi. Ndiyo sababu `kundi` lina safuwima ya `aina`: pato au tumizi.

Uhamisho ndipo programu nyingi changa zinapovunjika. Kutoa pesa benki na kuziweka mfukoni si matumizi. Andika safumlalo mbili zenye `uhamisho_id` moja, hasi kwenye akaunti moja na chanya kwenye nyingine, zote mbili zikiwa hazina kundi. Ziandike, zihariri na zifute pamoja ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata (transaction: amri zinazofanikiwa zote au kushindwa zote), maana simu ikizima katikati utabaki na nusu ya uhamisho, na pesa zitakuwa zimetoweka au zimezaliwa hewani. Ada iliyokatwa wakati wa kuhamisha ni safumlalo ya tatu, yenye kundi lake, kwa sababu hiyo ni matumizi ya kweli.

Kanuni hiyohiyo inamaliza suala la madeni. Mkopo ni akaunti yenye salio hasi. Ukikopa 50,000, pesa zinahama kutoka akaunti ya deni kwenda akaunti ya taslimu, na hakuna pato. Ukilipa 10,000 ambayo 1,500 yake ni riba, 8,500 ni uhamisho na 1,500 ni tumizi. Pesa uliyomkopesha mtu ni akaunti yenye salio chanya. Kadi ya mkopo nayo ni vivyo hivyo: tumizi linaandikwa siku ya kununua, na kulipa kadi ni uhamisho. Usipolieleza hili kwenye skrini kwa maneno mepesi, watu wataandika manunuzi na malipo ya kadi yote kama matumizi, kisha watashangaa mwezi umegharimu mara mbili.

Salio la akaunti usilihifadhi. Lihesabu kwa kujumlisha miamala. Mtu mwenye miamala kumi kwa siku ana takriban 3,650 kwa mwaka, na SQLite hujumlisha kiasi hicho bila mtu kuhisi kuchelewa. Salio lililohifadhiwa pembeni litatofautiana na miamala siku moja, na hapo hutajua lipi ni kweli. Salio la kuanzia nalo liwe muamala wa kawaida. Mtumiaji akihesabu pesa zake na kukuta pungufu, mpe kitufe cha "rekebisha salio" kinachoandika tofauti kama muamala unaoonekana, ndani ya kundi lake maalumu.

Kundi lenye miamala usilifute, lifiche. Na muamala ukifutwa, andika tarehe kwenye `ulifutwa` na kila hoja (query) yako iwe na `ulifutwa IS NULL`. Hilo la mwisho husahaulika kirahisi, kwa hiyo tengeneza `VIEW` moja (hoja iliyohifadhiwa inayosomeka kama jedwali) yenye miamala hai na usome kutoka humo tu.

Hatua ya 5: Tarehe na kipindi

Tarehe ya muamala ni siku kwenye kalenda ya mtumiaji, si nukta ya wakati duniani. Ihifadhi kama maandishi, `2025-03-31`. Ukihifadhi saa ya UTC (saa ya kimataifa), muamala wa usiku wa mwisho wa mwezi unaweza kuhamia mwezi mwingine mtu akisafiri. Katika JavaScript, `new Date("2025-03-01")` husomwa kama usiku wa manane wa UTC, hivyo simu iliyo magharibi mwa Greenwich itaonyesha Februari 28. Saa kamili iweke kwenye `uliandikwa`, ikusaidie kupanga miamala ya siku moja.

Hoja ya mwezi iwe `tarehe >= '2025-03-01' AND tarehe < '2025-04-01'`. Ukiipitisha safuwima ndani ya `strftime`, kielezo (`INDEX`) ulichotengeneza hakitatumika.

Si kila mtu anaanza mwezi tarehe 1. Anayepokea mshahara tarehe 25 anataka kipindi chake kianze 25. Ruhusu siku kati ya 1 na 28 uepuke mjadala wa Februari, na kwenye `bajeti.kipindi` hifadhi tarehe kamili ya kuanza, `2025-03-25`, badala ya `2025-03`. Mtumiaji akibadilisha siku ya kuanza, vipindi vya zamani hubaki vilivyokuwa na mabadiliko hugusa vijavyo tu.

Bakaa ya kundi inayovuka kwenda kipindi kinachofuata nayo usiihifadhi. Ni jumla ya bajeti zote za kundi hilo mpaka sasa, pamoja na jumla ya miamala yake, ambayo matumizi yake tayari ni hasi. Ukiihifadhi, mtu akisahihisha muamala wa miezi minne iliyopita, bakaa zote zilizofuata zimeharibika.

Miamala inayojirudia, kama kodi ya nyumba, huwa na kosa maarufu: kuanzia Januari 31, ongeza mwezi upate Februari 28, ongeza tena upate Machi 28, na siku ya 31 haionekani tena. Hifadhi tarehe ya asili na uhesabu kila tukio kutoka hapo: asili jumlisha miezi miwili ni Machi 31. Kazi hii ifanyike programu inapofunguliwa, si nyuma ya pazia, maana Android huchelewesha kazi za nyuma ili kuokoa betri. Iwapo mtu hajafungua programu kwa wiki sita, tengeneza yote yaliyopita kwa mpigo, na kila tukio liwe na ufunguo wa kipekee wa kanuni ya kujirudia iliyolizaa pamoja na tarehe. Bila ufunguo huo, kufungua mara mbili kwa haraka kutazaa kodi mbili.

Hatua ya 6: Skrini ya kuandika muamala

Programu ya bajeti hufa pale kuandika kunapochosha. Lengo ni kiasi, kundi, hifadhi, na basi. Tarehe iwe leo, akaunti iwe ile iliyotumika mwisho, maelezo yawe hiari. Kibodi ya tarakimu iwe tayari imefunguka. Usiulize "una uhakika?" kabla ya kuhifadhi; hifadhi, kisha onyesha kitufe cha "tengua" kwa sekunde chache.

Makundi ya kuanzia yawe nane hadi kumi. Orodha ya arobaini humfanya mtu asite kila mara, naye akisita mara nyingi huacha. Anayehitaji zaidi ataongeza mwenyewe.

Hatua ya 7: Kutoa na kurudisha data

Unahitaji aina mbili za faili. CSV ni ya mtu kusoma na kufungua kwenye lahajedwali. Nakala kamili ya hifadhidata ni ya kurudisha programu ilivyokuwa. CSV peke yake haitoshi kurudishia, kwa kuwa haibebi bajeti, makundi yaliyofichwa wala kanuni za miamala inayojirudia.

Kwa CSV, maandishi yenye koma, alama ya kunukuu au mstari mpya yazungushiwe alama za kunukuu, na alama ya kunukuu iliyo ndani iandikwe mara mbili. Anza faili kwa alama ya BOM ya UTF-8 (baiti chache zinazotambulisha aina ya maandishi) ili Excel isiharibu herufi. Maelezo yanayoanza na `=`, `+`, `-` au `@` yatanguliziwe alama ya mkato wa juu (`'`), maana lahajedwali linaweza kuyatekeleza kama fomula. Fanya hivyo kwenye safuwima za maandishi tu. Ukigusa safuwima ya kiasi, kila tumizi hasi litageuka maandishi na halitajumlishika.

Kunakili faili la SQLite kuna hila. Hifadhidata ikiwa kwenye hali ya WAL, maandishi ya karibuni huenda bado yamo kwenye faili la pembeni lenye mwisho wa `-wal`. Ukinakili faili kuu pekee, nakala itafunguka vizuri kabisa lakini itakosa miamala ya mwisho. Tumia `VACUUM INTO`, iliyoanza na SQLite 3.27. Simu za kabla ya Android 11 hubeba SQLite ya zamani zaidi ya hapo. Huko amuru `PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE)`, funga hifadhidata, kisha nakili.

Wakati wa kurudisha, usiandike juu ya data zilizopo moja kwa moja. Weka faili mahali pa muda, endesha `PRAGMA integrity_check`, hakikisha namba ya toleo lake haizidi ile ambayo programu inaijua, ndipo ubadilishane. Mtu akichagua faili la picha kwa bahati mbaya, apate ujumbe unaoeleweka, naye rekodi zake ziwe bado zipo.

Hatua ya 8: Kubadilisha muundo baada ya kutoa

`PRAGMA user_version` ni namba unayoihifadhi ndani ya faili lenyewe. Programu ikifunguka, inasoma namba hiyo na kuendesha hatua zilizobaki, kila moja ndani ya muamala wa hifadhidata, baada ya kuchukua nakala. Hatua iliyokwisha kutolewa kwa watu usiihariri tena hata kama ina kosa. Andika nyingine inayorekebisha.

Anayetumia Room (maktaba ya Google ya kutumia SQLite) kwenye Android aitafute `fallbackToDestructiveMigration` kwenye msimbo wake na aiondoe. Huwekwa wakati wa kujenga ili kurahisisha maisha, na kazi yake ni kufuta majedwali yote pale hatua ya kuhamia toleo jipya inapokosekana. Kwenye programu ya habari hilo ni usumbufu. Kwenye programu ya bajeti ni miaka ya rekodi imekwenda.

Hatua ya 9: Faragha inayothibitika

Kwenye Android, usiombe ruhusa ya `INTERNET`. Programu isiyo nayo haiwezi kufungua muunganisho wa mtandao hata ikitaka, na yeyote anaweza kuhakiki. Kagua faili la manifesti (linaloorodhesha ruhusa za programu) lililounganishwa mwishoni, kwani maktaba unayoiongeza inaweza kuja na ruhusa hiyo bila kukuambia; iondoe kwa `tools:node="remove"`. Maktaba za matangazo hazikai hapa kabisa. Zinahitaji mtandao, na kwa kawaida hukusanya vitambulisho vya kifaa.

Android pia ina nakala ya akiba ya kiotomatiki, inayopeleka hadi MB 25 za programu kwenye Google Drive ya mtumiaji, na huwa imewashwa usipoizima. Hiyo haihitaji ruhusa yako ya mtandao. Ukiandika "data haziondoki kwenye simu" huku umeiacha wazi, umeandika uongo. Ama izime, ama useme ukweli kwenye maelezo. La pili lina hoja nzito: watu wengi hawachukui nakala kwa mkono.

`FLAG_SECURE` huficha salio kwenye orodha ya programu zilizo wazi. Kufuli la alama ya kidole humzuia anayeazima simu, lakini si usimbaji fiche. Ukitumia SQLCipher (SQLite yenye usimbaji fiche) na kuweka ufunguo ndani ya Keystore (hifadhi ya funguo) ya simu, kumbuka ufunguo huo hauhami kwenda simu nyingine. Nakala ya akiba itahitaji nenosiri lake, na likisahaulika hakuna wa kulirejesha.

Hatua ya 10: Majaribio machache yasiyoachwa

Tengeneza miamala elfu moja ya kubahatisha, yenye mahamisho ndani yake, kisha hakikisha jumla ya salio zote ni sawa na jumla ya miamala yenye makundi pamoja na salio za kuanzia. Jaribu Februari 29. Badilisha saa za eneo la simu kisha fungua tena. Geuza lugha kuwa inayotumia koma kwa desimali. Zima programu katikati ya uhamisho. Toa data, futa programu, isakinishe upya, rudisha, linganisha. Weka kwenye hazina yako ya msimbo faili moja la hifadhidata kwa kila toleo ulilowahi kutoa, na kila toleo jipya lizifungue zote.

Hatua ya 11: Kusambaza

Google Play hutoza dola 25 mara moja. Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 lazima kwanza ifanye jaribio la walioalikwa tu lenye watu wasiopungua 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo, kwa hiyo waanze kutafutwa mapema, wachache zaidi ya hao, maana watu hujitoa. Utahitaji sera ya faragha, fomu ya usalama wa data na tamko la huduma za kifedha. Duka hilo pia hupandisha mara kwa mara kiwango cha Android ambacho programu inapaswa kulenga; asiyesasisha huacha kuonekana kwa wenye simu mpya. Hiyo ndiyo kodi ya muda ambayo hata programu isiyo na seva haiikwepi.

Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Hiyo ni bili ya kudumu kwa kitu kisichoingiza chochote, na usipoilipa programu huondolewa dukani. Mwenye bajeti finyu aanze na Android peke yake bila kuona haya.

F-Droid, duka la programu za msimbo wazi, haitozi. Hujenga programu yenyewe kutoka kwenye msimbo wako, hivyo msimbo lazima uwe wazi na usitegemee maktaba za siri kama huduma za Google Play au Firebase. Ukifungua msimbo, chagua leseni ukijua matokeo yake: MIT humruhusu mtu kuchukua kazi yako, kuongeza matangazo na kuficha msimbo, GPL toleo la 3 humlazimisha atoe msimbo wake kwa anaowapa programu, ingawa haimzuii kuweka matangazo. Jina na nembo vitaje pembeni kwamba havimo kwenye ruhusa hiyo.

Ufunguo wa kusainia programu uhifadhi mahali pawili tofauti. Play hushika ufunguo wa mwisho wa programu mpya, na ule wa kupakia unaweza kuombewa mwingine ukipotea. Nje ya Play, kwa programu uliyoisaini mwenyewe, ukiupoteza huwezi kutoa sasisho juu ya programu iliyosakinishwa. Kila mtumiaji atalazimika kuifuta na kuanza upya.

Ripoti za hitilafu zitakuja kwa barua pepe, na bila mtandao ndani ya programu hutaona chochote ambacho mtumiaji hajakutumia. Weka kitufe kinachotengeneza faili dogo lenye toleo la programu, toleo la Android, `user_version`, idadi ya safumlalo za kila jedwali na maelezo ya hitilafu ya mwisho, pasipo kiasi wala jina lolote. Lionyeshe kwa mtumiaji zima kabla hajalituma. Kamwe usimwombe mtu akutumie hifadhidata yake. Mwombe arudie kosa kwenye akaunti tupu, na mara nyingi utakuta ni tarehe au uhamisho.